Kufika na Kuvuka: Masimulizi ya Kweli na Historia ya Ufuo wa Ziwa katika Busia na Malaba

Utangulizi

Uhakiki wa masimulizi ya kihistoria katika Kiswahili umekuwa, kwa muda mrefu, uhakiki wa pwani ya Bahari ya Hindi na wa njia za misafara zilizotoka huko. Tarihi za Kilwa, Pate na Lamu zimechambuliwa mara nyingi. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, japo yahusu milima ya Usambara, huhesabiwa pamoja nazo kwa sababu ya lugha yake na malezi ya mwandishi wake. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, nayo imekwisha kuwa kielelezo cha tawasifu ya awali. Hata hivyo, iko pwani nyingine ambayo wahakiki wameipa kisogo. Ni ufuo wa Ziwa Victoria katika pembe ya magharibi ya Kenya: matope na mafunjo ya mlango wa Mto Nzoia huko Bunyala, mawe ya vilima vya Samia, na mlango wa Mto Sio, ambapo mpaka wa Uganda unaliacha ziwa na kupanda nchi kavu kuelekea Busia, Malaba na miamba ya Chelelemuk.

Masimulizi ya kweli ya ufuo huo yapo, na baadhi yake yamechapishwa. Makala haya yanashikilia kwamba yamejengwa juu ya tendo la kuvuka, ilhali vitabu vilivyoyahifadhi vimejengwa juu ya tendo la kufika. Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Katika nchi ambamo swali la nani alitangulia kufika limeamua mipaka ya wilaya na umiliki wa mashamba, namna ya kusimulia safari ya babu ni jambo lenye matokeo ya wazi kwa wajukuu.

Nasaba na masimulizi

Kitabu cha John Osogo, A History of the Baluyia, kilitoka mwaka 1966. Mwaka uliofuata Gideon Were alitoa A History of the Abaluyia of Western Kenya, pamoja na mkusanyo wa ushahidi wa wazee alioutumia, Western Kenya Historical Texts, unaohusu Abaluyia, Wateso na Wakalenjin wa Elgon. Wanahistoria wamevitumia vitabu hivi kama machimbo: huingia, huchukua jina la ukoo na makadirio ya wakati, hutoka. Wahakiki wa fasihi hawajaingia kabisa.

Msomaji atakayekifungua kitabu cha Osogo akitarajia hadithi huenda akachoka upesi, kwa maana sehemu kubwa yake ni koo, nasaba na majina ya mahali. Si haki, hata hivyo, kuuona ukavu huo kuwa ni udhaifu wa mwandishi peke yake. Nasaba ni umbo kamili la fasihi simulizi. Wasomaji wa mwanzo wa kitabu hicho, ambao wengi wao walisomea shule za misheni, waliijua Injili ya Mathayo inavyoanza, na hawakuhitaji kuelezwa kwamba orodha ya majina yaweza kuwa dai zito kuliko hadithi. Tofauti ni kwamba katika usimulizi wa mdomo kila jina ni msumari uliopigiliwa ukutani, na msimulizi huangika juu yake kisa anachokitaka kwa hadhira aliyo nayo siku hiyo: ugomvi wa ndugu, mwanamke aliyeolewa ng'ambo, njaa, mtumbwi uliozama. Kitabu kimetuachia misumari, na nguo zimeondolewa.

Kwa upande wa Were, hukumu inapaswa kutenganisha kazi zake mbili. Historia yake ni kazi ya mtaalamu: inalinganisha ushahidi, inahesabu vizazi ili kupata makadirio ya tarehe, inatoa uamuzi. Mkusanyo wa ushahidi ni kazi ya kiwango cha chini kwa macho ya mwanahistoria, kwa kuwa ni malighafi tu. Kwa macho ya mhakiki mambo yako kinyume. Katika mkusanyo, kila jamii na kila ukoo una zamu yake ya kusema, na matoleo yasiyopatana yameachwa yakae pamoja bila ya mwamuzi kuingia kati. Msimulizi hasemi kwa nafsi yake. Husema kwa ukoo, na "sisi" yake huwakumbatia watu waliokufa vizazi vingi kabla hajazaliwa. Huo ni usimulizi wa nafsi ya kwanza wingi, aina ambayo nadharia zetu za usimulizi, zilizozoea riwaya na msimulizi wake mmoja, hazina istilahi nzuri ya kuieleza. Mkusanyo huo ndio kitabu kikubwa cha fasihi kilichotoka katika eneo hili, ingawa hakikukusudiwa kuwa hivyo.

Misri na Shirazi

Jambo moja katika masimulizi haya limewasumbua wanahistoria kupita mengine, nalo ni Misri. Koo nyingi za Abaluyia husimulia kwamba asili yao ya mbali kabisa ni huko, kisha hutaja njia iliyopita Uganda ya mashariki hadi zilipo sasa. Wanahistoria wameieleza Misri kwa njia mbili. Wapo walioiona kuwa kumbukumbu iliyofifia ya kaskazini isiyojulikana, na wapo walioiona kuwa zao la Biblia lililopachikwa baada ya kuja kwa wamisionari. Maelezo yote mawili yanauliza kama habari ni kweli. Mhakiki anauliza swali jingine: habari hiyo inafanya kazi gani ndani ya simulizi?

Hapa pwani ya mashariki ina la kutufunza. Tarihi ya Kilwa inawatoa watawala wake Shirazi, na kwa miaka mingi wataalamu walibishana kuhusu merebu, idadi yake na karne yake. Siku hizi wengi wanakubali kwamba Shirazi katika tarihi hizo ni hoja kuhusu heshima na uhalali wa kutawala, zaidi ya kuwa anwani ya mahali pa kutokea. Misri ya ufuoni mwa ziwa yaelekea kuwa jamaa yake. Zote mbili zinampa mzungumzaji asili iliyomo katika kitabu kitakatifu au katika ulimwengu wa wenye vitabu, na zote huitanguliza asili hiyo kabla ya safari ndefu inayohesabiwa kituo kwa kituo.

Ila kuna tofauti ambayo ndiyo kiini cha jambo. Shirazi iko ng'ambo ya bahari, na anayetoka huko hufika mara moja. Hadithi ya Kilwa haina haja ya kumrudisha. Misri ya Samia na ya Bunyala iko mbali kama Shirazi, lakini vituo vinavyoifuata viko karibu mno. Busoga iko upande wa pili wa ghuba. Mwamba wa Tororo unaonekana kwa macho kutoka Malaba. Asili inayotajwa kama jambo la kale ni mahali ambapo watu wanaoa, wanazika na wanauza samaki hadi leo. Hivyo simulizi inayoanza kwa mtindo wa tarihi, na ambayo msikilizaji anatazamia imalizike kwa kufika, haifiki. Babu anavuka, mwanawe anarudi kwa wajomba, mjukuu anavuka tena. Abanyala wenyewe wamegawanyika kati ya wale wa ziwani na wale wa Kakamega, na hakuna hata mmoja wa matawi hayo anayeweza kusimulia habari zake bila kulitaja la pili.

Vitabu vya miaka ya sitini havikuweza kustahimili mwendo huo wa kurudi na kwenda, na sababu yake inaeleweka. Mwaka 1962 Tume ya Mipaka ya Majimbo ilizunguka Kenya ikisikiliza madai ya jamii mbalimbali, na Wateso na majirani zao walikuwa miongoni mwa waliotaka kujua wangewekwa upande gani. Utafiti uliozaa vitabu hivyo ni wa miaka hiyohiyo. Mzee aliyeulizwa ukoo wake ulitoka wapi alijua fika kwamba jibu lake laweza kugeuka kuwa mstari kwenye ramani, na mwandishi naye alikuwa anawaandikia watu waliotaka kuwa na historia kama mataifa mengine. Waliohitaji kufika walifikishwa. Wateso, ambao huingizwa katika habari hizi wakiwa wa mwisho, ndio waliolipa gharama kubwa ya usimulizi wa aina hii: katika hadithi ya kufika, wa mwisho huitwa mgeni, hata kama alikuwapo Amukura kabla ya mpaka wenyewe.

Na mpaka wenyewe ni wa jana. Hadi mwanzoni mwa 1902 ufuo huu wote, pamoja na nchi ya mashariki yake hadi karibu na Naivasha, ulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo mkoa ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na mwaka 1926 mstari ukaainishwa kwa amri ya kifalme kutoka London. Msamia aliyezaliwa 1895 upande wa mashariki wa Mto Sio alikuwa amekwisha kuishi katika nchi mbili kabla hajaota ndevu, pasipo kuinua mguu. Kwa mtu huyo mpaka ndio uliovuka.

Laiti wanaobishana juu ya utangulizi wangekwenda Kakapel, kaskazini ya Malaba, ambako mwamba una michoro ya maumbo ya kijiometri na ya ng'ombe, kazi ya mikono ya watu wa nyakati tofauti. Utafiti wa mabaki ya mimea uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kunde zililiwa hapo yapata miaka 2,300 iliyopita. Zilitoka magharibi, nazo hazina ukoo.

Lugha ya kuhifadhia

Liko swali ambalo halijaulizwa vya kutosha, labda kwa sababu jibu lake linaumiza. Kwa nini masimulizi haya hayakuhifadhiwa kwa Kiswahili?

Haiwezi kusemwa kwamba mfano haukuwapo. Mathias Mnyampala alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954, kupitia East African Literature Bureau. Shirika hilohilo lilichapisha upya Habari za Wakilindi mwaka 1962 na Maisha ya Tippu Tip mwaka 1966. Mwaka 1967 likatoa mkusanyo wa Were, kwa Kiingereza. Wala haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili kilikuwa kigeni huko. Misafara ya pwani ilikuwa ikituama Mumias tangu kabla ya Joseph Thomson kupita hapo mwaka 1883 akielekea ufuoni, na katika masoko ya Busia na Malaba, ambako Mkhayo, Mmarachi, Mteso, Mjaluo na Mganda hukutana, ndiyo lugha iliyowezekana.

Sababu ni kwamba Kiswahili kilikuwa huko lugha ya soko na ya askari, na historia ilihitaji lugha ya cheo. Chuo kikuu kiliandika Kiingereza. Ukoo ulisimulia kwa lugha yake. Kiswahili kikaachwa barabarani. Hasara iliyotokea si ya kizalendo tu, ni ya kisanaa. Mnyampala alipoandika habari za Wagogo, aliweza kuchukua kutoka katika tarihi na tenzi za Kiswahili mbinu zilizokuwa tayari: namna ya kuingiza usemi wa wahusika, namna ya kupitisha miaka kwa sentensi moja, namna ya kusema "wengine husema" bila kuvunja heshima ya msimulizi wa kwanza. Abdallah bin Hemedi alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi mwandishi anavyoweza kujaza mazungumzo katika historia na bado akaaminika. Mtafiti aliyeandika kwa Kiingereza cha kitaaluma hakuwa na ruhusa ya mbinu hizo. Ilimbidi akaushe.

Kiswahili, zaidi ya hayo, kina neno ng'ambo, ambalo lingekuwa na manufaa makubwa hapa. Ng'ambo si jina la mahali. Ni upande ule usio wa msemaji, na msemaji akivuka, ng'ambo nayo huhama. Sentensi ya kubuni kama "babu zetu walikuja kutoka Tororo" inamsimamisha msemaji Kenya na kumfunga hapo. "Babu zetu walivuka kutoka ng'ambo" inamwacha huru, na yaweza kusemwa na Msamia wa Sio Port na Msamia wa Majanji, kila mmoja akimwelekea mwenzake.

Malale, reli na kahawa

Masimulizi ya karne ya 20 ndiyo yanayoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba kuvuka hakukuwa tabia ya mababu tu. Malale yalipozuka Busoga mwanzoni mwa karne hiyo, inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Uganda, na serikali ya huko ikaamua kuwahamisha waliobaki ufuoni. Upande wa Samia haukunusurika. Msomi wa tiba hueleza mbung'o na vichaka; simulizi ya ufuoni hueleza nani alimpokea nani, na kwa sharti gani. Katika vitabu vya kihistoria tukio hilo hupewa nafasi finyu, kwa kuwa halina ukoo wala mshindi. Ni mojawapo ya mapengo makubwa ya maandishi yetu kwamba hakuna aliyelitungia kitabu kwa Kiswahili.

Habari ya Port Victoria nayo ingemfaa mwandishi wa tanzia au wa kichekesho, apendavyo. Upimaji wa reli ulioongozwa na Macdonald mwaka 1892 uliifikisha njia kutoka Mombasa hadi hapo, kwenye Ghuba ya Berkeley. Baadaye wakubwa wakabadili nia. Reli ikafika ziwani Desemba 1901 mahali pengine, palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Bunyala ikabaki na jina la bandari kuu, pamoja na Mto Nzoia unaofurika. Mvua za 1961 na miaka iliyofuata ziliinua ziwa zaidi ya mita 2. Kingo za mto zilipasuka mwaka 2007, na mwaka 2020 maji ya ziwa na ya mto yakawatoa watu tena majumbani mwao. Kwa wakaazi wa huko hata kukaa mahali pamoja ni kuvuka, maana nchi kavu yenyewe huondoka na kurudi.

Fasihi ya kubuni ilipoingia katika eneo hili iliingia kwa mlango wa magendo. Baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei duniani. Wakulima wa Uganda ya Idi Amin walikuwa wakilipwa kidogo. Basi kahawa ikavuka, kwa gunia, kwa baiskeli na kwa kichwa, na soko la Chepkube likapata umaarufu. Wamugunda Geteria alilitungia riwaya, Black Gold of Chepkube, mwaka 1985, katika mfululizo wa Spear uliokusudiwa wasomaji wa kawaida. Wahakiki wa Nairobi hawakuijali sana riwaya hiyo, na kweli si kazi ya ufundi mkubwa. Inastahili heshima kwa jambo moja: ndani yake kuvuka ndiko kitovu cha matukio, na mpaka ni mahali panapoishi watu. Jambo ambalo historia za kitaalamu zilishindwa kulifanya kwa sababu ya adabu zake, hadithi ya mitaani ililifanya bila kujua. Udhaifu wake ni kwamba inakutazama kuvuka kama njia ya utajiri wa ghafula tu. Wanawake waliovusha mahindi na sabuni kabla ya kahawa, na wakaendelea baada ya bei kuanguka, hawamo katika upeo wake.

Katika miaka hiyohiyo wenye baiskeli waliokuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha walitoa neno bodaboda. Asili yake ni neno la Kiingereza la mpaka, likasemwa mara mbili, kwa kuwa mipaka ilikuwa miwili na abiria alitaka kutolewa kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na msafiri sasa hukaguliwa upande mmoja tu. Neno limekwisha kuhamia kwenye pikipiki, na lasikika Dar es Salaam na Mombasa kwa watu wasiojua lilikotoka.

Mwenye kutaka kuutafsiri mkusanyo wa Were kwa Kiswahili, na kazi hiyo imechelewa, atakutana na ugumu tangu kurasa za kwanza. Kila penye kitenzi cha Kiingereza cha kuja itambidi aamue kama mzee alisema walikuja, walifika, walihamia au walivuka. Lugha ya mzee haimo kitabuni, na wengi wa waliohojiwa wamekwisha kufariki. Njia iliyobaki ni kuusoma ushahidi wa ukoo mmoja mbele ya wazee wa ukoo huohuo, kwanza Funyula, kisha Lumino, na kuandika pembeni kila mahali ambapo wale wa ng'ambo watamsahihisha.